Fidla Isiyo Yangu

Jumapili, usiku

Masika yanabisha hodi, na fidla imeshanuna. Asubuhi nimekaza uzi wa kwanza mara tatu, na mara tatu kigingi kimerudi kinyumenyume kama punda aliyeona kilima. Nimekipaka chaki kidogo, dawa tuliyofundishwa zamani, kikashika. Uzi ukikatika ndiyo basi tena, maana hapa Unguja nyuzi za fidla huzikuti sokoni Darajani. Unangoja mtu atoke safari akuletee.

Fidla hii ni yangu. Nimeinunua kwa pesa za kupiga hotelini, si mpya, ina ufa mwembamba karibu na shingo. Nalisema hilo kwa sababu kwa miaka minane nilipiga fidla isiyo yangu, na leo mtoto wa kaka yangu kanirudisha huko bila kujua.

Ana miaka 12 na anataka ganuni. Fidla hataki, udi hataki. Anataka ganuni, chombo chenye nyuzi sabini na ushei, tatu tatu kwa kila sauti, ambacho ukianza kukitia sawa wenzio wameshakunywa chai na kuosha vikombe. Kilichomteka si sauti hata kidogo. Aliona kwenye simu mpigaji akivaa zile pete mbili za bati kwenye vidole vya shahada, zinazoshika vijiti vya kukwanyulia. "Shangazi, mimi nataka zile pete," kanambia, na tangu hapo hana mazungumzo mengine.

Baba yake hana kazi ya kudumu. Basi leo baada ya alasiri tumekaa mkekani kuandika barua kwa chuo cha muziki, kile nilichosoma mimi, kuomba apunguziwe ada. Kaandika anwani, kaandika tarehe, kaandika "Kwa heshima na taadhima". Kisha kainua kalamu.

"Shangazi, niseme sisi masikini?"

Sikumjibu. Nilijitia kwenda kuangalia maji jikoni.

Mimi nilisoma kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002. Wakati wangu kilikuwa ghorofani kwenye jumba la forodha la zamani pale Mizingani, hatua chache kutoka kwenye ule mti mkubwa ambao kila dereva wa teksi anauita Mtini. Madirisha yanatazama bahari. Boti ya Dar ikiingia Malindi hupiga honi, na sisi darasani tunaacha zoezi tunaanza kubishana honi ile ni sauti gani. Chuo si cha serikali na hakigawi faida kwa mtu. Kilijiendesha kwa ada ndogo, kwa wafadhili, na kwa wageni wanaokuja kujifunza taarabu wiki mbili tatu na kulipa zaidi yetu. Ila ada ndogo nayo ina mtu inayemshinda. Baba alikuwa mchukuzi bandarini, yaani akibeba mizigo chini ya madirisha yale yale, na Mama akikaanga bajia na kachori jioni, Jang'ombe.

Fidla nilikuwa naijua kabla ya chuo. Mtoto gani wa Ng'ambo, mitaa ya kwetu nje ya Mji Mkongwe, haijui? Harusi za kwetu zilikuwa na kidumbaki, taarabu ya uani ya kuchezeka: fidla moja, ngoma ndogo mbili ziitwazo vidumbaki, mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa, na sanduku, lile sanduku la mbao lenye mti na kamba linalonguruma badala ya besi. Mpiga fidla alikuwa akikaa kibarazani jasho linamtiririka, na wanawake hawamwachi apumue. Nilikuwa nikisimama nyuma yake kuangalia mkono. Lakini sikuwahi kumwona mwanamke ameishika, na ndiyo maana niliposema nyumbani ninachotaka, Baba alitafuna mdomo kitambo kisha akasema, "Ukiwa na njaa utakula nyuzi?"

Alikubali kwa sharti kwamba skuli ya kawaida isirudi nyuma hata darasa moja. Na skuli ya Kurani isirudi nyuma pia. Nilikubali yote, nikawa nalala saa sita usiku.

Siku ya kukabidhiwa chombo naikumbuka kuliko siku yangu ya kwanza kupiga mbele ya watu. Mwalimu alifungua daftari kubwa la mistari. Akaigeuza fidla kwenye mwanga wa dirisha na kuandika kila alama aliyoiona: mkwaruzo bega la kushoto, kidoa cha rangi mgongoni, nywele za upinde zimepungua upande mmoja. Akanisomea yote kwa sauti. Halafu akanipa kalamu nitie saini, mimi niliyekuwa sina saini. Nikaandika jina langu lote kwa herufi za kupambwa, likavuka kisanduku chake na kuingia cha mwenzangu. Akanambia, "Ikirudi, nitasoma tena."

Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na kitanda chake peke yake. Tulilala watatu watatu. Fidla ilipofika, Mama aliondoa vyombo vya Idi juu ya kabati, akatandika kanga, akaiweka. Tena akatangaza kwamba atakayeigusa bila mimi kuwepo atakiona. Nilikuwa nikifuta vumbi la ulimbo unaopakwa upinde kila usiku kabla ya kulala, hata siku ambazo sikupiga. Kwa hofu ya lile daftari, nadhani. Mpaka leo nina tabia hiyo, na mpaka leo nikiona mkwaruzo mpya naanza kutafuta cha kujitetea.

Sasa kuhusu ule usiku wa wageni, ambao sijawahi kuuandika.

Nilikuwa na miaka 15 hivi. Walikuja watu waliokuwa wakichangia mambo ya vijana, wa wapi na wa nini haidhuru. Walikuwa watu wazuri, wana adabu, wameleta na biskuti. Tukawapigia nyimbo mbili. Tulipomaliza, mmoja wao akaniita pembeni, akachuchumaa ili tulingane kimo, na akaniuliza maisha ya nyumbani. Nikasema baba anafanya kazi bandarini, mama anauza chakula. Akaendelea kunitazama, akingoja. Nikahisi jibu langu halijatosha, kama nimepiga wimbo nikaacha ubeti. Basi nikaongeza. Nikasema tunakula mara moja kwa siku na siku nyingine tunalala na njaa.

Macho yake yakalengalenga. Nikaona nimefaulu, na nikaongeza jingine, hilo siliandiki.

Maneno hayana miguu lakini yanatembea. Wiki haikwisha yakamfikia Mama. Hakunipiga. Alikuwa ameinama kwenye karai la mafuta, bajia zinageuka rangi, wateja wamesimama mstari. Akasema bila kunitazama: "Mimi nalisha mtaa mzima, wewe unasema nakulaza na njaa. Sisi hatujalala na njaa, mwanangu. Tumelala na madeni. Hayo ungesema." Mteja mmoja akacheka. Mama hakucheka.

Nilikosa kwenda mazoezini siku tatu. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, hilo nalijua. Hakuna aliyenishikia fimbo niseme uongo. Lakini swali lile, jibu lake lilivyongojewa, lilikuwa na mdomo wazi, na mimi nikalilisha.

Huwa namfikiria Siti binti Saad hapo, yule mwimbaji wetu mkubwa wa taarabu. Alizaliwa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, akiuza vyungu kwa miguu kabla ya kuja mjini. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, ambazo zilisikilizwa pwani yote hii. Na wenye choyo wakamtungia utani wa kumkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki, na kwamba lau si sauti asingekuwa na cha kula. Tunausimulia utani ule kama ukatili, na ni ukatili kweli. Ila yule mwenye kumdhihaki na yule mwenye kunihurumia mimi walianzia swali moja: ulivaa nini ulipokuja? Hakuna kati yao aliyeuliza kwanza juu ya sauti.

Hata hivyo siwezi kujifanya sielewi. Kuna wakati zilienea habari kwamba chuo huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwaandikia watu niliokutana nao hotelini. Niliandika nini? Niliandika bandari, niliandika bajia. Njaa sikuiandika, lakini kidole kilisimama juu ya herufi kitambo kirefu.

Fidla ya chuo niliirudisha nilipomaliza. Mwalimu alifungua daftari lile lile, karatasi zimelainika kwa unyevu, akasoma: mkwaruzo bega la kushoto, kidoa mgongoni. Akaongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, kwamba ubao wa kushikia vidole umelika mahali pa kidole cha kwanza na cha tatu. Akanionyesha. Ni mimi niliyeula, kwa miaka minane. Nikadhani atanidai. Akafunga daftari, akasema hayo si madhara, hayo ni mahudhurio.

Niliporudi kutoka jikoni, mtoto alikuwa keshaandika. Nikaisoma barua. Kaandika kwamba baba yake ni fundi rangi asiye na kazi kila siku, kwamba ada yote wataiweza nusu, na kwamba anaomba ganuni kwa sababu "nimehesabu nyuzi zake kwenye picha, na kila nikihesabu zinakuja idadi tofauti, kwa hivyo nataka kuziona mwenyewe".

"Inatosha hivi, Shangazi? Au niongeze?"

"Usiongeze," nimemwambia. "Tia saini."

Hana saini. Kaandika jina lake lote, na la babu yake mchukuzi mwishoni, mpaka likatoka nje ya karatasi na herufi moja imebaki mkekani.