Ukuta Uliopata Nafuu Mbalamwezi

Gesti niliyoitwa kuitafutia mvujo ilikuwa Mwanga, Kigoma, upande ambao ukitoka mlangoni unaona ziwa na ukigeuka nyuma unatazamana na kilima. Nyumba ya ghorofa moja, na ukuta wake wa nyuma umechimbiwa kwenye mteremko kwa kina cha kama mita moja. Ilikuwa Agosti 2019, kiangazi kimekolea, vumbi kila mahali, lakini chumba cha mwisho cha chini ukuta wa nyuma ulikuwa umelowa kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Rangi imevimba, plasta ukiigonga inalia utupu, na chumvi nyeupe imeota kwenye mistari ya matofali.

Mafundi walikuwa wameshapita. Mmoja alibomoa marumaru za sakafu akitafuta bomba ambalo halikuwepo. Mwingine alipaka dawa ya kuzuia maji kwa ndani, nayo ikabanduka vipande vipande. Ndivyo inavyokuwa siku zote ukipaka dawa upande ambao maji yanatokea: unyevu unakuja kutoka nyuma yake na kuisukuma. Majirani wao walikuwa na jibu moja tu, chemchemi.

"Fundi, mimi sibishani na kilima," mama mwenye gesti aliniambia. "Ila kuna kitu kinanishinda. Mwezi ukiwa mkubwa, huu ukuta unapata nafuu."

Kwa majirani huo ndio ulikuwa ushahidi kwamba chemchemi inafuata mwezi. Mimi niliandika kwenye daftari, maana mwenye nyumba anayejua ukuta wake unalowa lini amekupunguzia nusu ya kazi. Ukuta unaolowa saa zote, usiku na mchana, unaelekeza kwenye bomba lenye presha. Unaolowa baada ya watu kuoga unaelekeza kwenye maji machafu. Unaongoja mvua unakupeleka paani au kwenye udongo. Huyu wa mama hakuwa wa mvua, kwa sababu mvua zilikoma Mei.

Hata hivyo kilima kilistahili kusikilizwa. Kwa nje, pale udongo ulipoegemea ukuta, kijana mmoja alichimba shimo hadi chini ya usawa wa sakafu ya chumba, kama mita moja na robo. Tukaliacha wazi usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu, udongo unamomonyoka mkononi. Lingekuwa na maji ningeyapima kwa kalamu ya kupimia madini, maana maji ya bomba Kigoma yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo lina madini mengi yaliyoyeyuka na pH inayokaribia 9, wakati maji ya mvua hayana karibu chochote. Maji ya bomba na maji ya mvua yaliyonywea ardhini hayafanani kwenye kalamu hiyo. Lakini kipimo hicho ni cha maji ya shimoni. Maji uliyoyakwangua kwenye plasta yameshapita kwenye saruji, yamebeba chumvi zake na ukali wake, yatakudanganya. Wapo wanaopima ukutani na kutoa hukumu, mimi siwaelewi.

Nikaenda kwenye mita. Kile kigurudumu kidogo chekundu kilikuwa kimetulia kabisa, na mafundi waliotangulia walikuwa wameishia hapo: mita haizunguki, bomba zima. Sasa tazama. Nyumba ile haikunywa maji ya barabarani moja kwa moja. Ilinywa kutoka tangi la lita 1,000 juu ya mnara. Boya la tangi lilikuwa limekufa, hivyo mlinzi alikuwa anafungua koki ya kujazia usiku, tangi likijaa anafunga. Mchana kutwa koki imefungwa. Mita haiwezi kuzunguka hata nyumba ingekuwa inavuja kila chumba. Palipo na tangi, mita inapima tangi linavyojazwa, basi. Nyumba yenyewe lazima uipime kwenye tangi.

Kabla ya tangi nilitaka kuujua ukuta. Nilichora kwa penseli ukingo wa unyevu, nikaandika saa pembeni, na mama akaendelea kuchora asubuhi kabla ya wageni kuamka, saa nne, alasiri, na usiku. Mistari ilisema wazi: unyevu ulipanda baada ya asubuhi na baada ya saa mbili usiku, ukashuka kidogo alasiri. Nyakati za kuoga. Nikamuuliza wageni wake ni akina nani. Wachuuzi wa dagaa, akasema, wanaonunua mzigo kwenye mwalo wa Kibirizi. Hapo suala la mwezi likafunguka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa haziwavuti sawasawa, wavuvi wanapumzika. Mzigo ukikosekana, wachuuzi wanarudi makwao, vyumba vinabaki vitupu. Hakuna anayeoga.

Mwezi ulipokuwa mpevu katikati ya Agosti gesti ikawa tupu, nami nikapata nafasi ya kupima tangi bila mtu kufungua bomba. Tulijaza, tukafunga koki ya kuingizia, nikabandika kipande cha tepu ndani usawa wa maji. Tangi la kipenyo cha mita 1.1 kila sentimita inayoshuka ni lita 9.5 hivi. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi lilishuka sentimita mbili, yaani lita 19, wastani wa mililita 40 kwa dakika. Mama alifurahi, akidhani mwizi amepatikana. Lakini ukuta ulikuwa unaendelea kukauka! Bomba lenye presha halipumziki kwa sababu wageni wameondoka. Lingekuwa ndilo linalolowesha ukuta, mistari ya penseli ingebaki palepale. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na mivujo miwili isiyohusiana, na hiyo ndiyo inayowatoa mafundi wengi njiani: wanapata wa kwanza, wanalipwa, wanaondoka.

Ule wa tangi ulikuwa mwepesi. Kijiko kimoja cha rangi ya chakula kwenye kila tangi la choo, hakuna kuflashi, ngoja nusu saa. Choo cha chumba cha tano ghorofani kilitoa wekundu kwenye bakuli. Raba ya chini ilikuwa imekakamaa na ukingo wake una mfereji mwembamba. Tukabadilisha, usiku uliofuata tepu haikusogea.

Kuna mtu aliuliza kwa nini sikutumia kifaa cha kusikiliza. Mabomba ya nyumba ile yalikuwa ya plastiki, na plastiki inameza sauti ndani ya mita chache. Kwenye chuma ningeweka bisibisi ndefu juu ya bomba na sikio kwenye mpini, usiku wa manane. Na maji machafu hayana presha ya kupiga kelele hata kidogo.

Likabaki swali gumu. Kama ni maji ya kuogea kutoka juu, mbona dari ya chumba kile ilikuwa safi, haina hata doa? Maji yashuke zaidi ya mita mbili yasiache alama, lazima yamepata kitu chenye uwazi ndani ya ukuta. Bomba la maji machafu halikupita pale. Kilichopita ni paipu ya nyaya za umeme, na soketi ilikuwa kwenye ukuta uleule, sentimita 45 kutoka sakafuni. Tulizima meni swichi, nikahakikisha kwa testa kwenye waya wenyewe, ndipo nikafungua. Skrubu zilitoka na vumbi la kutu. Ndani, shaba ya nyaya ilikuwa na ukoga wa kijani, na chini ya kiboksi kulikuwa na tope jembamba la kijivu lenye harufu ya sabuni. Wageni walikuwa wanachaji simu pale. Soketi hiyo haikuwashwa tena hadi kazi ilipokwisha.

Fundi umeme alipitisha springi yake ya kuvutia nyaya kutoka kwenye kiboksi kwenda juu. Ilipanda mita mbili na ushee, ikapinda, ikaenda mita tatu nyingine ndani ya zege hadi ilipogota kwenye kiungo. Tukapima urefu huo ghorofani. Haukufika kwenye bafu lililo juu ya chumba chenyewe; uliangukia bafu la chumba cha pembeni, ambalo hakuna aliyelitilia shaka.

Bafu linapimwa kwa ngazi tatu, na ukizichanganya hujui kitu. Kwanza nilishusha mpira wa maji ndani ya tundu la sakafuni, nikamwaga ndoo mbili bila kulowesha sakafu. Hiyo inapima bomba la chini peke yake. Karatasi ya chooni niliyoichomeka kwenye mdomo wa paipu ya nyaya ilibaki kavu hadi mchana. Pili, niliziba tundu kwa kitambaa na nailoni, nikajaza sakafu maji ya kina cha sentimita mbili na rangi nyekundu. Kabla ya masaa mawili kupita karatasi ilikuwa ya waridi. Ngazi ya tatu, kumwagia kuta, tuliifanya baadaye tu kwa usalama, na haikuonyesha kitu.

Tulibomoa mraba wa sentimita 60 kuzunguka tundu. Trapu, kile kikombe cha chini ya tundu kinachozuia harufu, ilikuwa nzima, ila mdomo wake ulisimama juu ya zege bila dawa yoyote ya kuzuia maji, na grauti ya kuzunguka imepasuka. Mteremko wa sakafu ulielekea kona ya ukuta badala ya tundu. Maji yalipenya chini ya marumaru, yakatembea juu ya zege, yakakuta kiungo cha paipu ya nyaya kisichogundishwa. Ilipogundulika hivyo tuling'oa sakafu yote, kwa sababu mteremko hauponi kwa kiraka. Tulirekebisha uwe sentimita moja na nusu kwa kila mita, trapu ikakaa chini ya usawa wa zege, dawa ya saruji ya kuzuia maji mipako miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, ikapandishwa ukutani sentimita 20, na kwenye eneo la kuogea juu zaidi. Ikishakauka, unajaza maji na kuyaacha saa 24 kabla ya marumaru kurudi. Mafundi wa marumaru hawapendi kungoja hapo, na pale pia walinung'unika.

Nyaya zilivutwa upya na kiungo kikagundishwa. Tuliweka boya jipya la tangi ili koki ikae wazi na mita iwe na maana. Wachuuzi walirudi, karatasi ikabaki kavu.

Mama alitaka kupaka rangi wiki ileile. Tofali linakauka polepole, kwa makadirio ya kawaida mwezi kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, na ukilifunika mapema rangi itavimba tena, yeye atasema mvujo umerudi. Nilimwambia abomoe plasta iliyolia utupu, chumvi aisugue kwa brashi kavu bila maji, madirisha yabaki wazi. Kila baada ya muda abandike ukutani kipande cha nailoni, apige tepu pande zote, aache hadi kesho yake. Jasho likiwa nyuma ya nailoni, bado. Alinipigia Desemba, mvua zimeanza, akasema nailoni imekauka pande zote mbili na fundi rangi yupo mlangoni anadai malipo ya nusu.