Nilivyotafuta gitaa la ridhimu katika jazi ya Wamanouche

Nilianza kukung'uta gitaa Lindi, nikishika ridhimu katika bendi ndogo ya dansi iliyotumia magitaa ya umeme, na nilipohamia Paris kikazi nilidhani kwamba ridhimu ni ridhimu popote. Dhana hiyo ilikufa Jumapili moja katika baa ya Saint-Ouen, karibu na soko la vitu vikuukuu, nilipowasikia wapigaji watatu wa jazi ya Wamanouche, yaani Wajipsi wa Ufaransa, wakiijaza nyumba bila ngoma wala spika. Wawili kati yao walikuwa wakipiga kile ambacho Wafaransa hukiita pampu: pigo la kwanza na la tatu huguswa kwa wepesi, la pili na la nne hukazwa na kukatwa papo hapo kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto.

Miezi miwili baadaye nilinunua gitaa la mtumba lenye tundu dogo la umbo la yai, kwa sababu tu ndilo lililokuwa mikononi mwa Django Reinhardt, nguli wa gitaa wa muziki huo, katika picha nyingi nilizoziona. Nilipojiunga na wale wazee wa Saint-Ouen, ridhimu yangu ilitoboa. Kila nilipokaza pigo la pili, sauti nyembamba na kali ilipanda hadi pale pale alipokuwa mpigaji wa solo. Alivumilia nyimbo tatu, kisha akaniinamia: "Kijana, solo ni mimi. Wewe nibebe."

Nilianza kwa kujua gitaa hili lilitoka wapi. Kampuni ya Selmer ya Paris, iliyojulikana zaidi kwa saksofoni na klarineti (na klarineti, kama tujuavyo watu wa kusini, huchongwa kwa mpingo), ilianza kuyatengeneza mwaka 1932 kwa michoro ya Mwitalia Mario Maccaferri, aliyekuwa fundi na pia mpigaji hodari wa gitaa la klasiki. Magitaa yake ya kwanza yalikuwa na tundu kubwa lenye umbo la herufi D, shingo iliyoungana na mwili kwenye freti ya 12 (freti ni vijichuma vinavyokatiza shingo), na ndani mwake kisanduku cha pili cha mbao kilichokusudiwa kuusukuma mvumo nje. Visanduku hivyo vililegea na kutoa mtetemo mbaya, na wenye magitaa wengi wakaving'oa. Maccaferri aliondoka mwaka 1933, na miaka michache baadaye kampuni ikatoa umbo la pili, lile la tundu dogo, lenye freti 14 nje ya mwili. Kazi ilikoma mwaka 1952 kabla ya kufikia magitaa 1,000, hivyo karibu yote yanayopigwa leo ni nakala, langu likiwamo. Gitaa la Reinhardt, nambari 503, liko katika jumba la makumbusho ya muziki pale La Villette. Nimekwenda kulitazama mara mbili, lakini nilichokipata kupitia kioo ni kidogo kuliko nilichokipata nyumbani kwa rula.

Mzee mmoja aliniazima gitaa lake la mdomo mkubwa, yaani lenye tundu la D, kwa wiki mbili. Niliyalaza yote mawili kitandani, nikayafunga nyuzi za aina moja, kisha nikapima. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya mwili, ulikuwa milimita 640 kwa la mzee na 670 kwa langu. Tofauti ya sentimita tatu huonekana ndogo, ila uzi uleule ukitaka kutoa noti ileile kwenye urefu mkubwa zaidi ni lazima uvutwe kwa nguvu zaidi, na kwa vipimo hivi nguvu hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Ndiyo maana langu lilikuwa gumu vidoleni na lenye makali. Nilipima pia kutoka shingo inapoungana na mwili hadi kwenye daraja: 320 kwa la mzee, chini kidogo ya 300 kwa langu. Daraja langu, kwa hiyo, lilikuwa limesogea juu, likitetemesha sehemu nyingine ya ubao. Nilikuwa nimeishi nikilisingizia tundu peke yake.

Mengine magitaa hayo yanashirikiana, na fundi mmoja alinionyesha kwa kuingiza kioo kidogo na taa ndani ya langu. Ubao wa juu ni mwembamba, kama milimita mbili, nao umekunjwa kwa joto nyuma kidogo ya daraja, kama wanavyofanya mafundi wa mandolini za Napoli. Vihimili vya ndani vimepita kwa upana kama vipago vya ngazi. Daraja halikugundishwa, nyuzi hupita juu yake na kufungwa kwenye chuma kilichoko mkiani, hivyo huukandamiza ubao badala ya kuung'oa. Sauti huruka upesi na kufa upesi. Kwa pampu hiyo ni neema, kwa kuwa pigo linalochelewa kufa huchafua linalofuata.

Nilimwuzia mwanafunzi mmoja gitaa langu na kununua nakala ya mdomo mkubwa, ambayo haikuwa tayari kupigwa. Nyayo za daraja zilikuwa zimekaa kwa ncha tu, na kipande cha karatasi kilipita chini yake bila kugusa popote. Nilibandika msasa juu ya ubao, upande mkali ukitazama juu, nikalisugua daraja hapo kwa mwendo mfupi, nikipuliza vumbi na kujaribu tena karatasi, hadi ilipogoma kupita. Niliondoa pia nyuzi nzito za shaba alizoweka muuzaji na kufunga nyepesi za chuma zilizozungushiwa shaba yenye maji ya fedha, namba 11. Kisha nikasogeza daraja mpaka noti ya freti ya 12 ilipolingana na mlio wa uzi ulioguswa tu mahali hapo.

Tamaa ikanishika. Nilikuwa na kipande cha mkongojo wa babu, mpingo mtupu, nikamwomba fundi anichongee daraja jingine. Lilipendeza mno. Kwenye mizani ya jikoni, daraja la zamani lilikuwa gramu 16 na hili 27, na nilipolifunga gitaa likanyamaza kana kwamba limetupiwa blanketi. Fundi alilikomba kwa chini hadi likafika gramu 20, sauti ikarudi nusu. Nimerudisha la zamani. La mpingo nalifunga usiku tu, ninapofanya mazoezi na jirani wa chini amelala.