Kipini cha bibi kilivyofutwa pamoja na vumbi

Mama aliishika ile picha akaisogeza dirishani, akaiangalia weee, alafu akauliza, "Kipini cha mama yangu kiko wapi?"

Mimi bado nilikua naifurahia maana ilitoka safi kweli, ukuta wa nyuma hauna hata doa, na ni picha ya Idi ya 1967 kule Tanga, wanawake saba uani wamependeza, aliyepiga ni babu mdogo na kamera yake ya Rolleicord. Nikaisogelea. Pua ya bibi tupu. Na si kipini tu, ile nukta ya mwanga kwenye macho inayofanya mtu aonekane yu hai ilikua imefifia kwa wote saba, na vidoa vyeupe vya kanga vimeyeyukia kwenye kitambaa. Studio tuliyowapelekea negativu, yaani ile filamu yenyewe ambayo nyeusi na nyeupe zimegeuzana, waliskani wakaiachia programu ya kuondoa vumbi ifanye yenyewe, wakaprinti. Iliniuma sana, kwasababu bibi hakukivua kile kipini mpaka anafariki, na hiyo ndo picha pekee ya ujana wake tuliyonayo.

Nikaazima skana, Epson V600, kwa rafiki yangu anayepiga picha za harusi. Yeye akanambia mapema kabisa, ile Digital ICE iliyomo humo, yaani mfumo wake wa kuondoa vumbi, usiiguse kwa hii. Inatumia miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: kwenye filamu ya rangi ile miale inapita kwenye rangi kama hamna kitu, inazuiwa na vumbi na mikwaruzo tu, kwahiyo programu inajua pa kusafisha. Lakini filamu ya zamani ya nyeusi na nyeupe picha yenyewe imetengenezwa na chembe za fedha, na fedha inazuia infraredi, basi programu inawaona hadi watu ni uchafu. Ziko filamu chache za nyeusi na nyeupe zinazosafishwa maabara kwa dawa zilezile za filamu za rangi, mfano Ilford XP2, hizo zinakubali. Yetu ukingoni imeandikwa ILFORD HP3, ni fedha tupu.

Kwahiyo inabaki programu inayokisia kwa kuangalia picha peke yake, na hapo ndo kipini kilipopotelea. Vumbi likikaa kwenye negativu linazuia mwanga, ukigeuza picha linakua nukta nyeupe. Kipini kikimetameta juani nacho ni nukta nyeupe. Programu inaona nukta ndogo inayong'aa kuliko majirani zake, inaifuta, inaweka wastani wa waliozunguka. Itajuaje?

Nikapuliza negativu kwa ile pampu ya mpira, nikaskani kwa dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi, picha ikaja na pikseli zaidi ya 5,000 kila upande. Nikaitoa, nikaipuliza tena, nikaskani tena, nikalinganisha. Nukta iliyohama au kupotea ni vumbi, haina mjadala. Zilizobaki palepale ndo kazi. Kwenye Photoshop nikatengeneza leya mbili, yaani picha mbili zilizolaliana, chini ile ya asili, juu nakala niliyoipitisha kwenye kichujio cha vumbi na mikwaruzo, alafu ile ya juu nikaificha yote kwa maski nyeusi na nikawa naifunua kwa brashi ndogo pale tu ninapotaka. Ukuta, mchanga, anga, hapo nilienda mbio. Kwenye nyuso nilienda nukta kwa nukta, Mama kakaa pembeni na kahawa yake, na kipini cha bibi nilipokikuza kikatokea kama vipikseli kumi hivi vyeupe na kivuli chembamba chini yake, Mama akasema "huyo sasa ndo yeye", akanyamaza.

Tatizo likaja kwa mwanamke wa pili kutoka kushoto. Naye ana nukta puani, palepale pa kipini, haikuhama kwenye skani zote mbili, ila haina kivuli. Mama hamjui vizuri, alikua mdogo. Tukampigia bibi mdogo, mdogo wake bibi, anaishi Maskati, yumo kwenye picha ile ile. Mama akamwamkia shikamoo mama mdogo, tukamtumia kipande cha picha kwa WhatsApp, akakaa kimya kidogo alafu ikaja vois ndefu anacheka, "Mume wangu, huyo ni jirani yetu wa mlango wa pili, hajatoga pua huyo, sindano alikua anaiogopa mpaka tunamkimbiza nayo uani! Futa." Nikafuta. Akatuma nyingine hapohapo, anataka tumuangalie na yeye mkononi, siku ile alivaa bangili za mama yake za kuazima, zinaonekana au nazo zimefutwa?

Zilikuepo, zote tatu, na mkwaruzo mmoja mweusi umekatiza juu yake pale fedha ilipochubuka. Huo mkwaruzo nilimaliza nao usiku mzima.