Chupa moja, watoto kumi

Juzi mama mmoja wa avenyi yetu hapa Ndosho, mu Goma, alipita na mtoto mugongoni, sura imeharibika, namuuliza mama kuna nini, ananiambia ametoka ku sante, kituo cha afya, kuchanjisha surua na wamemurudisha, ati leo watoto ni watatu tu, hawawezi kufungua chupa ju ya watoto watatu, arudi wiki ijayo. Moyo ikaniuma sana. Ile neno ya "rudi wiki ijayo" mimi niliambiwaka 2019 na najua fasi ilinifikisha.

Mtoto yangu wa pili alitimiza miezi 9 ule mwaka, wakati Goma nzima ilikuwa inaongea Ebola tu. Mwezi wa saba njo walipata mgonjwa wa kwanza hapa mjini, na kila fasi kulikuwa ndoo ya maji ya klori, huingii sokoni, huingii kanisani bila kunawa na kupimwa homa. Surua nani aliiwaza? Na kumbe kufikia mwanzo wa 2020 surua ilikuwa imeua watu zaidi ya 6,000 mu Kongo yetu hii, wengi ni watoto wadogo, wakati ile Ebola ya Kivu na Ituri, toka 2018 mpaka kuisha mwezi wa sita 2020, iliua 2,287.

Basi, mara ya kwanza tulikuwa mama wane ku benchi, tukarudishwa. Mara ya pili mvua ilinyesha toka usiku, sikutoka. Mara ya tatu chanjo imeisha ku frigo. Kisha nikashikwa na biashara, mwezi ukapita, fishi ya mtoto, ile kadi ya chanjo, ikabaki mu sanduku na ile kamstari ya surua haina tarehe.

Ilianza kama mafua. Homa, kikohozi, macho mekundu yanatoa maji, nikampa dawa ya homa nikangoja. Siku ya nne vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni, shingoni, mpaka miguuni. Muganga alimufungua kinywa akanionyesha ndani ya shavu vidoti vyeupe kama chembe za chumvi, akasema mama hii ni surua. Nikamuuliza ameipata wapi, mtoto hata hatembei! Akanieleza kama mgonjwa anaanza kuambukiza siku 4 mbele ya vipele kutoka, na virusi vinaweza kubaki hewani muda wa mpaka masaa 2 hata mwenyewe amekwisha kutoka mu chumba, kwa hiyo si lazima hata muonane. Siku ya Mungu tunakaa kanisani tumebanana, madirisha mawili. Ukiweka watu kumi wasio na kinga karibu na mgonjwa mmoja, tisa wataipata.

Tate, mama ya baba yangu, alikuja kutusaidia. Majirani walikuwa wanasema nisimuogeshe, nimufunike, surua ni ya kila mtoto inapita tu. Tate alinyamaza, kisha usiku akaniambia yeye alizaa tisa na wawili surua iliwapeleka, wiki moja. Alisema hivyo tu, akaendelea kumupepea mtoto. Sijasahau.

Dawa ya kuua virusi vya surua hakuna. Walimupa vitamini A siku mbili mfululizo ju ya kulinda macho na uhai, maji ya oresi, ile ya chumvi na sukari, ju ya kuhara, na antibiotiki ju mapafu yalikuwa yameanza kushikwa. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini ule mwaka wote ulikuwa wa kuugua, leo kikohozi kesho tumbo, na baadaye njo nilijua sababu, kama surua inafutaka kumbukumbu ya kinga ya mwili, mtoto anasahau namna ya kupigana na magonjwa aliyokwisha kuyashinda.

Sasa ile mambo ya chupa. Kwa kawaida chupa moja ina dozi 10, ni unga, wanauchanganya na maji yake, na ukishachanganywa unakaa ku baridi na hauzidishi masaa 6, unatupwa, ju hauna dawa ya kuzuia vijidudu. Infirmiye, muuguzi wa ku sante, anaogopa kutupa dozi saba, atajieleza namna gani ku wakubwa. Namuelewa. Lakini OMS, Shirika la Afya Duniani, inashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, ju dozi zinazotupwa zinapatikana tena, mama aliyerudishwa mara mbili hapatikani tena. Wakubwa wanaohesabu dozi zilizopotea, naomba muhesabu na wale mama.

Kuna anayeniulizaka mbona kungoja miezi 9. Ni ju kinga ya mama inakuwa bado ku damu ya mtoto na inazuia chanjo kushika vizuri. Kama kuna epidemi wanaweza kuanza na miezi 6, lakini hiyo haihesabiwi, ya miezi 9 lazima ipewe tena. Na dozi ya pili ni kati ya miezi 15 na 18, msiiache, ju kwa miezi 9 moja peke yake inalinda watoto kama 85 ku 100. Wiki moja kisha chanjo, homa kidogo inaweza kuja, inapita.

Yule mama wa juzi nilimukalisha, tukachukua simu, tukaanza kupigia mama mmoja mmoja wa avenyi, nani ana mtoto wa miezi 9 na zaidi, nani fishi yake ina fasi tupu. Mpaka jana jioni tumefika saba. Tunaenda Jumanne, tunaondoka saa mbili ya asubuhi ku kona ya duka la mkaa, na kama uko upande huu wa Ndosho kuja na fishi, hata kama imechanika.