Saa nne katikati ya Dar: wapi uingie, wapi upite

Tulikuwa na saa nne tu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita, kabla jua halijasimama utosini. Kwa muda huo huwezi kulimaliza Boma la Kale, Sanamu ya Askari, makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani, Ikulu, Karimjee, Makumbusho ya Taifa na Mnara wa Saa. Tukachagua pa kusimama kwa kipimo kimoja: je, mtu anaweza kuingia ndani, au kusogea karibu akasoma kilichoandikwa? Kwa kipimo hicho Ikulu ilitoka mapema. Utaiona kwa mbali, na kupiga picha ni marufuku.

Tulichagua Jumamosi. Jumapili magari ni machache, lakini makanisa yana ibada na huwezi kuzungukazunguka ndani. Jumamosi nayo ina harusi zake, ila asubuhi huwa bado kumetulia.

Tulishuka mwendokasi kituo cha mwisho, Kivukoni, tukafuata barabara ya ufukweni, bandari ikiwa kushoto. Kamera ikae ndani ya mkoba kipande hiki chote, maana feri na bandari ni sehemu nyeti. Unafika kwanza Azania Front, kanisa la Kilutheri lenye mnara na paa la vigae vyekundu, halafu Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Dakika kumi kila moja zinatosha.

Boma la Kale ndipo pa kutumia muda. Liko kwenye kona ya Sokoine na Morogoro, na wengi hulipita kwa kuwa halina mbwembwe. Ni kati ya majengo machache yaliyobaki ya mji aliouanzisha Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake. Majid alifariki 1870, na mdogo wake Barghash hakuendeleza kazi. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, 1891, walilikuta limesimama.

Ukiingia, anza kwa kutazama juu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo iliyopanga upana wa chumba: ukipita meta tatu hivi, mti unaanza kulegea katikati. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za pwani ni virefu na vyembamba. Kisha weka kiganja ukutani. Ni mawe ya matumbawe kwa chokaa, na ukuta wa namna hii unapumua: unyevu unaingia na kutoka. Fundi akiupiga plasta ya saruji kwa nia njema, unyevu na chumvi vinanaswa ndani, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inavimba na kubanduka pamoja na ngozi ya jiwe. Ukiona jengo la kale pwani limemenyeka hivyo, usilaumu uzee kwanza.

Kutoka Boma panda Morogoro hadi Samora. Kushoto ni Mnara wa Saa wa 1961, mwaka Dar ilipopata hadhi ya jiji; uangalie kutoka hapo ulipo. Sisi tulikata kulia hadi kwenye mzunguko wa Askari.

Sanamu hii ya shaba, ya askari mwenye bunduki, inawakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni kazi ya James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa 1927. Kabla yake palisimama sanamu ya gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji. Kosa la wageni ni kupiga picha ya bunduki kutoka ng'ambo ya barabara na kuondoka. Subiri magari yapungue, vuka, zunguka hadi upande wa Kiswahili. Maandishi hayawataji askari peke yao. Yanawataja wachukuzi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Watu hao walibeba vita kichwani, na wengi hawakuandikwa jina popote. Robo saa hapa si nyingi.

Endelea na Samora kuelekea bustani ya mimea, uingie Mtaa wa Shaaban Robert. Ukumbi wa Karimjee, lilikokaa Bunge kabla ya Dodoma, ni jirani. Mara nyingi hutoona zaidi ya geti, kwa hiyo pita. Makumbusho yalifunguliwa 1940. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha mgeni ni tofauti. Anza na chumba cha chimbuko la binadamu, lilipo fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959, ndipo uende kwenye kumbukumbu ya bomu la Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani.

Ukibakiwa na saa moja, usirudi kwenye Mnara wa Saa. Panda gari la Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wale wale uliowasoma kwenye shaba, waliokuwa na kambi yao pale.