Kumbukumbu ya mradi: koti la mvua, bega la kushoto, na doa lililonisumbua wiki saba

Jana saa nne usiku nililivua koti la mvua kwenye sanamu ya majaribio, nikaigeuza fulana nyeupe iliyokuwa ndani, na hapo nikaziona: nukta nyekundu saba, zimejipanga mstari mmoja juu ya bega la kushoto, kutoka moja hadi nyingine kama milimita tatu. Ni nafasi ile ile ya tundu za sindano kwenye mshono. Nilipiga picha kabla hata ya kufunga pampu inayoinyeshea sanamu mvua, maana wiki saba nzima nilikuwa nazitafuta nukta hizo bila kujua kwamba ndizo ninazozitafuta.

Nianzie lilipoanzia. Koti hili ni la kwanza kati ya matano niliyopanga kuyaandikia uhakiki, na majaribio ya mwanzo lilifaulu vizuri. Kisha kila nikitembea nalo kwenye mvua kwa saa mbili hivi, nikilivua nakuta bega la kushoto limelowa ndani. La kulia lina unyevu tu. Ningeweza kuandika "linavuja" nikaendelea na mengine, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini yeyote aliyewahi kupima makoti anajua kuwa maji yaliyomo ndani hayasemi yametoka wapi. Hewa ya nyuzi 30 inayokaa karibu na ngozi huweza kubeba mvuke hadi karibu gramu 30 kwa mita moja ya ujazo. Ikigusa kitambaa kilichopoa hadi nyuzi 10, inabaki na uwezo wa kubeba gramu 9 na ushei. Zinazobaki hugeuka maji palepale, ndani ya koti, na mvaaji huapa kwamba limevuja. Koti zima linaweza kuhukumiwa kwa kosa la jasho.

Kwa hiyo swali langu likawa moja: haya maji ni ya mbinguni au ni yangu?

Njia ya kwanza ilikuwa mizani. Nilipima fulana na koti kabla na baada ya safari. Fulana iliongezeka gramu 85, koti gramu 140, na nikakaa nikizitazama namba hizo jioni nzima bila kupata jibu, kwa sababu zote mbili zinapokea maji kutoka pande zote mbili. Njia ya pili: nilivaa mfuko wa nailoni kati ya fulana na koti ili jasho lisipite. Nikalowa chapachapa ndani ya mfuko, na jasho likapanda likatokea shingoni na kumwagikia nje ya mfuko. Data yote ikachafuka. Njia ya tatu ilikuwa vipima unyevu viwili vidogo, kimoja kwenye kila bega. Baada ya kuvisahihisha, vilinionyesha asilimia 97 kushoto na asilimia 97 kulia.

Hapa nina neno kuhusu vipima unyevu. Msiamini kipima kipya kilichotoka tu kwenye boksi. Weka chumvi ya mezani kwenye kizibo, tia matone machache ya maji iwe kama uji mzito, funga pamoja na kipima ndani ya chombo kisichopitisha hewa, acha usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kusoma asilimia 75. Changu kimoja kilisoma 81. Kama nisingefanya hivyo ningetangaza "tofauti" kati ya mabega mawili ambayo haikuwapo kabisa. Na mizani: ya jikoni yenye usahihi wa gramu moja inatosha kwa nguo. Ile ya ndoano ya kupimia mizigo ya safari haifai kwa lolote zaidi ya uzito wa shanta (begi la mgongoni) lililojaa.

Baada ya hapo nikatengeneza sanamu. Sanamu haitoki jasho, basi chochote kitakacholowa ndani yake kimetoka nje. Mabega ni mbao iliyochongwa na kuvishwa sponji ya sentimita mbili, juu yake fulana nyeupe ya pamba. Mvua niliitoa kwenye bomba la bafuni, lakini kopo lenye kuta zilizonyooka lilikusanya milimita 25 kwa dakika kumi, ambayo ni 150 kwa saa. Hiyo ni gharika. Nikahamia kwenye beseni na pampu ndogo ya tangi la samaki inayopandisha maji kwenye kichwa cha kumwagilia maua, nikarekebisha mpaka kopo likakusanya milimita 5 kwa dakika kumi. Milimita 30 kwa saa, mvua kubwa ya kweli. Pampu hiyo ndiyo kifaa nilichokipenda kuliko vyote katika mradi huu: maji yaleyale yanazunguka, kwa hiyo naweza kuyatia rangi ya chakula.

Sanamu ikakaa mvuani saa mbili. Fulana ikatoka kavu kabisa. Nikarudia. Kavu.

Nilivunjika moyo siku hiyo kuliko siku nyingine zote. Maana yake ingekuwa jasho, lakini jasho la bega moja tu? Nikaanza kushuku kitambaa chenyewe, na hapo nikapoteza wikiendi mbili kwenye mrija. Kipimo cha maabara, ISO 811, hubana kitambaa na kuongeza presha ya maji upande mmoja hadi yatokeze mahali patatu upande wa pili. Urefu wa maji kwa milimita ndio ile namba ya kuzuia maji iliyo kwenye lebo. Mrija wangu unaoonyesha ndani una mita mbili, kwa hiyo unaishia 2,000. Kupata 20,000 ya lebo ningehitaji mrija wa mita 20, au pampu ya baiskeli yenye geji, maana presha ya bar moja ni kama milimita 10,200 za maji. Niliijaribu pampu. Kitambaa kilishikilia. Lakini nilipobana pete ya kushikilia kitambaa juu ya mshono wa bega, maji yalitorokea pembeni mwa pete kwa sababu mshono umenyanyuka, na siwezi kulikata koti nipate kipande bapa. Nilijaribu mpira laini, nikajaribu silikoni, nikajaribu udongo wa kufinyangia. Yote yalitoroka.

Lililonifumbua macho ni kulivaa shanta. Nilikuwa najiandaa kutoka, nikalirusha mgongoni, na mkanda ukatua begani kwa kishindo na kuteleza juu ya mshono. Bega la kushoto. Mimi huanza na la kushoto siku zote, na koti hili nimelibebea shanta zaidi ya siku 60. Na sanamu yangu haikuwahi kubeba kitu.

Piga hesabu. Shanta la kilo 14 kwenye sanamu isiyo na nyonga: kilo 7 kila bega. Mkanda unagusa juu ya bega kama sentimita 6 kwa 8, yaani eneo la sentimita 48 za mraba. Hiyo inasukuma maji kama urefu wa milimita 1,460. Wakati wa kulirusha, bega moja linabeba zote 14 kwa muda mfupi, na presha inaruka karibu mara mbili. Kwa kitambaa cha 20,000 si kitu. Kwa utepe wa mshono, ule uliobandikwa ndani kuziba tundu za sindano, uliosuguliwa miezi kadhaa mahali pamoja, ni jambo kubwa.

Jana nikaivisha sanamu shanta, nikatia rangi nyekundu kwenye beseni, nikasubiri. Dakika 40 zikatosha kwa zile nukta saba. Bega la kulia, chini ya uzito uleule, halikuwa na hata moja.

Kwa lenzi ya mkononi niliona chanzo: ukingo wa utepe umebanduka kama gamba la samaki, sentimita mbili na nusu, na chini yake uzi umekuwa wa waridi. Kwa nje hakuna mkwaruzo wowote unaoonekana. Leo asubuhi nimesafisha kwa spiriti, nimeacha pakauke, nimelaza kipande cha utepe mpya na kukipiga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa cha pamba. Dakika 90 chini ya mvua nyekundu na kilo 14. Fulana nyeupe, nyeupe pe.

Uhakiki wenyewe sitauandika bado, kwa sababu sasa siamini tena namba zangu za makoti manne yaliyobaki. Yote niliyapima yakiwa matupu, bila shanta, yakiwa mapya. Hema na buti zilizokuwa kwenye ratiba ya mwezi huu nimezisogeza mbele. Nimepata mota ya waipa ya gari, na nimeifungia kipande cha mkanda wa shanta kinachosugua mshono wa bega kwenda na kurudi, na kihesabio cha swichi ya sumaku. Koti la pili liko chini yake tangu saa nane mchana. Limefika misuguo 2,300, na kila ifikapo mia tano naligeuza naangalia ukingo wa utepe kwa lenzi. Hadi sasa umelala.