Jina la babu kwenye feri ya Ærø

Feri kutoka Svendborg hadi Ærøskøbing, kwenye kisiwa cha Ærø nchini Denmark tulikokuwa tunakwenda kuoana, huchukua dakika 75. Zote tulizimalizia kwenye jina la babu yangu.

Mwenzangu, Mjerumani, alikuwa akihesabu makaratasi kwa mara ya tano siku ile, akagundua kuwa cheti cha Denmark cha kuturuhusu tuoane kimeweka jina la baba yangu penye jina la ukoo, badala ya la babu. Kosa lilikuwa letu. Mtanzania hujitaja jina lake, la baba, kisha la babu. Fomu ya mtandaoni inapouliza jina la ukoo, mkono unaandika lolote linalokuja haraka. Jibu la kuaminika limo kwenye pasipoti, ile mistari miwili ya mashine chini ya ukurasa wa picha. Baada ya herufi tatu za nchi, kila kilichoandikwa kabla ya vimshale viwili vilivyoshikana (<<) ndicho jina la ukoo. Yanayofuata yote ni majina ya kwanza, hata kama limo la baba. Nakili hivyohivyo, usitumie busara.

Ukiliacha likapita, kosa hilo linahamia kwenye cheti cha ndoa, kisha kila ofisi utakayokwenda baadaye itakuuliza huyu aliyeoa ni nani. Kabla feri haijafunga gati tulishatuma picha ya pasipoti pamoja na maelezo. Karatasi iliyosahihishwa ikaingia asubuhi iliyofuata, saa chache kabla ya kufungishwa ndoa. Usiku ule hatukulala vizuri, na chumba chenyewe kilikuwa na bei ya kumkosesha mtu usingizi hata bila hilo.

Usiku huo wa ziada si anasa. Lazima mfike siku moja kabla ya ndoa mkaionyeshe manispaa pasipoti halisi na hati nyingine halisi mlizoombea, tena saa za kazi. Wanaopiga hesabu ya kwenda na kurudi siku moja huishia kulipa tiketi mbili.

Kwa nini Denmark, wakati tunaishi Ujerumani? Ofisi ya ndoa ya Ujerumani humtaka mgeni alete cheti cha nchi yake kwamba hana kizuizi cha kuoa. Kama nchi yako haitoi cheti cha namna hiyo, faili hupandishwa hadi kwa rais wa mahakama ya juu ya jimbo, Oberlandesgericht, akupe msamaha. Hiyo ni miezi. Huku Denmark, tangu 2019, maombi ya wageni huenda ofisi moja, Familieretshuset, yaani ofisi ya serikali ya masuala ya familia. Ada ilianzia kroner 1,650 na imepanda tangu hapo. Hairudishwi hata mkikataliwa. Faili likikamilika, jibu hulenga siku tano za kazi. Neno zito hapo ni "likikamilika".

Linalokwamisha wengi ni talaka ya ndoa ya awali. Hukumu peke yake haitoshi. Lazima karatasi ionyeshe kuwa talaka imekuwa ya mwisho, haikatiwi rufaa tena. Pia wanataka ushahidi kwamba mnajuana kweli: picha, tiketi, mkataba wa nyumba. Na kila mmoja awe Denmark kihalali siku ya ndoa, kwa viza au kibali cha ukaazi ambacho hakijaisha muda. Treni ya kutoka Hamburg husimamishwa Padborg, mpakani, kwa ukaguzi, kwa hiyo kadi ya ukaazi bila pasipoti ni kujitakia balaa. Kibali cha kuoana chenyewe hudumu miezi minne.

Ndoa yenyewe? Dakika kumi hivi, kwa Kiingereza, mashahidi wawili waliotolewa na manispaa. Nilifikiria nyumbani, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21, na ambako siku 21 hazitoshi hata kumaliza vikao vya kamati. Shangazi zangu wangesema hiyo si harusi, ni kununua tiketi.

Cheti hutoka papo hapo kwa lugha tano, Kiswahili hakimo. Kisomeni herufi kwa herufi mkiwa bado mbele ya meza, kwa sababu hapo kusahihisha ni suala la kuchapa upya. Kisha ombeni apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha hati itumike nchi nyingine, kutoka Wizara ya Mambo ya Nje ya Denmark. Nchi isiyo ndani ya Mkataba wa Hague wa 1961, unaohusu muhuri huo, itataka na ubalozi wake ugonge muhuri juu ya huo. Wala cheti hicho hakimpi mtu ukaazi Ujerumani. Mchumba aliyeingia kwa viza ya utalii ya siku 90 kwa kawaida hurudi kwao akaombe viza ya familia, akiwa na pete kidoleni.